Visheti na Mikono Midogo

Unga wa visheti hauna siri. Unga wa ngano, samli, maziwa, iliki iliyotwangwa na chumvi kidogo: vyote vimo katika duka lolote la mtaani hapa Unguja, na anayejua kukanda unga wa chapati ataukanda na huu. Ugumu wa visheti uko mwishoni, kwenye sukari, katika dakika chache ambazo hazimngoji mtu. Na kati ya unga na sukari kuna kazi ndefu ya kufinya vipande kimoja kimoja mpaka sinia lijae. Kazi hiyo humchosha mtu mzima akiwa peke yake. Watoto ndio wanaoiweza, ila wawe na mtu anayejua kuwaweka kazini.

Mama yangu anajua. Huvipika na wajukuu zake kila Idi inapokaribia, na mara nyingine hata pasipo Idi, mvua za masika zikiwafungia watoto ndani na michezo yote ikiwa imeshageuka ugomvi. Wako watatu: mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, na mdogo amefika mitatu. Kwa muda mrefu nilimsifu kwa ladha ya visheti vyake. Siku hizi namsifu zaidi kwa jinsi anavyoigawa kazi, maana ameipima kila hatua akajua ipi inavumilia mkono wa mtoto na ipi haivumilii. Inayovumilia humwachia mtoto moja kwa moja. Isiyovumilia haishiriki na mtu.

Huanza na samli. Kwa magi mbili za unga hutia vijiko viwili vya supu vya samli, ameiyeyusha ikapata moto, akaiacha ipoe kiasi cha kutounguza kidole. Humimina juu ya unga mkavu, halafu bakuli linakwenda mbele ya yule wa miaka mitatu aliyekaa mkekani miguu kaitanua. Yeye ndiye mwenye kufikicha. Hufikicha kwa vidole vyote kumi, na unga mwingine unaishia magotini, na hakuna anayemkataza. Kufikicha hakuharibiki. Kadiri samli inavyosambaa ndivyo inavyozivika chembe za unga, na chembe iliyovikwa mafuta hainyonyi maji haraka wala haivutani sana na wenzake. Hicho ndicho kinachofanya kisheti kivunjike mdomoni badala ya kutafunwa kama mkate wa jana. Samli ikipunguzwa, visheti hukaza. Ikizidishwa, hufumuka ndani ya mafuta ya moto na kuacha mchanga wa unga chini ya karai.

Mama huchota unga huo akaufumbata kiganjani. Ukishikana, kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole kimoja, umefika. Mjukuu naye hufumbata wake, akamwonyesha. "Umefika, bibi?" Na mama huutazama kweli, huugusa, ndipo hujibu. Sijawahi kumsikia akimpa mtoto jibu la kumridhisha tu ili kazi iendelee. Kama haujafika humwambia haujafika, na mtoto anarudi kufikicha bila kinyongo, kwa sababu ameulizwa na kujibiwa kama mpishi.

Maziwa huyatia mwenyewe, kidogo kidogo, na zinaweza zikaenda robo tatu za magi au zikabaki, inategemea unga wenyewe. Hakandi sana. Akishapata donge laini hulifunika kwa kitambaa kibichi na kuliacha nusu saa. Unga uliotoka kukandwa una ukaidi: ukiuvuta unajirudi. Ukipumzika unalegea, na mtoto wa miaka sita asiye na nguvu za vidole anaweza kuufinya bila kupigana nao. Nusu saa hiyo ndiyo ya kukosha mikono, kukata kucha zilizosahauliwa, na kutwanga iliki kama haijatwangwa. Iliki yenyewe inastahili neno. Mama hainunui ya unga. Huimenya maganda yake, akatwanga punje nyeusi kwa sukari kidogo ili zisiruke kinuni, na nyumba nzima inajua kwamba leo kuna visheti.

Kisha uma. Uma wa kawaida wa mezani, umelazwa kifudifudi, mgongo juu. Mama huvingirisha unga ukawa uzi mnene kama kidole, akaukata vipande vifupi, na kila mtoto anapata fungu lake na uma wake. Kipande huwekwa juu ya meno ya uma, kidole gumba kikakikanyaga upande mmoja na kukivuta kuelekea ncha. Chini ya kidole unga unakuwa mwembamba, na ukingo wake unajikunja wenyewe kumfuata mvutaji, mpaka kipande chote kinaanguka kimejipinda: nje kina mistari ya meno ya uma, ndani kina uwazi. Ndiyo kombe. Nimewahi kuviona vimekunjwa fundo na vimekatwa pembe nne kwa kisu, lakini kwetu kisheti ni cha kombe, na nadhani wazee waliochagua umbo hili walikuwa na akili ya jikoni. Uwazi wa ndani unayaingiza mafuta ya moto mpaka katikati, hivyo hakuna kiini kibichi. Mistari ya nje inaipa sukari mahali pa kushika. Kipande laini cha unga ule ule kitavikwa sukari pia, lakini itapukutika kopo likitikiswa.

Mkono wa mtoto una kosa moja ambalo wote hulianza nalo: hukandamiza. Kipande kinanata kwenye uma, kinachomolewa kwa kucha, kinatoka kimepasuka. Mama hamshiki mtoto mkono. Huchukua kipande chake mwenyewe, akakifanya polepole mbele ya macho ya yule aliyekwama, polepole kuliko inavyohitajika, na kusema neno moja tu: "Kivute, baba. Usikikandamize." Kisha hugeukia yake. Wa kati alichukua muda mrefu kuupata mvuto huo, na siku alipoupata nilimwona akikitazama kipande kilichoanguka kama aliyekiona kikitoka chenyewe. Alikifanya cha pili haraka, kabla kidole hakijasahau. Cha pili nacho kikajikunja. Hapo hakusema kitu. Alivuta sinia karibu na goti lake.

Vinavyotoka vinene, vilivyopinda upande, vya yule mdogo ambavyo ni vidonge vilivyominywa tu, mama havirudii. Hilo lilinichukua miaka kulielewa. Nikidhani anawapendelea, kumbe ana mpango. Ana masinia mawili, moja la vyembamba na moja la vinene, na anavipanga kwa kuvitazama tu bila kutangaza kwamba anavichambua. Vyembamba atavikaanga kwanza, moto ukiwa na nguvu yake. Vinene vitangoja mpaka makaa yamepungua, vikaangwe taratibu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kazi ya mtoto inabaki kama alivyoifanya, na inaiva. Ni rahisi kumwambia mtoto kwamba kazi yake ni nzuri halafu kuifinya upya akiwa amegeuka. Kuubadilisha moto ufuate vidole vyake kunataka ujuzi.

Nimewahi kuwaeleza hayo rafiki zangu wa Bara wakashangaa kwamba kitu cha visiwani kina taratibu nyingi hivyo. Lakini kisheti si cha visiwani peke yake. Wasomali wana shushumow, umbo lile lile la kombe, lile lile vazi la sukari. Wakristo wa Goa hufanya kulkul wakati wa Krismasi, familia nzima imekaa mezani, kila mtu na uma au chanuo jipya, wakivuta unga kama wanavyovuta wajukuu hawa. Gujarati na kwingineko India kuna shakarpara, zinazokatwa kwa kisu. Ngano haioti visiwani kwetu. Imekuja kwa bahari siku zote, na namna za kuipika zimesafiri na vyombo vile vile. Kinachonigusa ni kwamba pande zote hizi za bahari watu wana kitu kinachotaka vidole vingi kwa wakati mmoja, na kwa Wagoa, kama kwetu, kinangoja sikukuu.

Karai likipanda kwenye seredani, watoto wanaondoka. Hapa mama habishani na hapatani. Kuna kizingiti cha jiko, na nyayo zinabaki upande wa pili. Hutia kipande kimoja cha majaribio: kikizama, kisha kikapanda taratibu na mapovu madogo madogo pembeni, mafuta yako sawa. Kikipanda mara moja na kubadilika rangi kabla hujavuta pumzi, makaa yanatolewa mawili matatu. Hukoroga bila kuacha, kwa sababu visheti havigeuzwi kimoja kimoja, na huviopoa vikiwa rangi ya dhahabu hafifu, kwa kuwa vitaendelea kuiva wenyewe nje ya karai.

Sasa shira. Magi moja ya sukari kwa nusu magi ya maji. Lita moja ya maji ya kawaida huweza kuyeyusha kilo mbili hivi za sukari na isizidi. Maji yanayochemka huyeyusha karibu kilo tano. Kazi yote ya shira ya visheti imesimama juu ya tofauti hiyo. Maji yanapochemka na kupungua, sukari inabaki imeyeyuka kwa sababu ya moto tu, na moto ukiondoka haina tena mahali pa kukaa. Itarudi kuwa punje. Swali ni itarudi lini na wapi: juu ya visheti, kama unavyotaka, au chini ya sufuria, kwa bonge moja lisilobanduka.

Ndiyo maana mama akishaona sukari imeyeyuka yote huacha kukoroga kabisa, na punje zilizorukia ukingoni huzifuta kwa kitambaa kibichi. Punje moja ikidondokea ndani inaweza kuziita nyingine kabla ya wakati. Ndimu haitii. Ndimu ni ya shira ya kaimati, ambayo inatakiwa ibaki majimaji: ukali wake huivunja sukari kwa namna inayoizuia kuganda. Anayetia ndimu katika shira ya visheti atakoroga mpaka magharibi na vitabaki vinanata.

Kazi ya kupima shira ameachiwa mkubwa. Mama hudondosha tone kwenye kisahani baridi, akalisukuma mpaka kizingitini. Mtoto hungoja lipoe, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, na kuvitenganisha vidole taratibu.

"Bado, bibi. Inakatika."

Tone jingine.

"Bado."

La tatu linavuta uzi, mwembamba, unaokwenda na vidole bila kukatika. "Imevuta!" Na sufuria inaepuliwa papo hapo. Mama huwa ameshajua. Nimemtazama usoni: huyajua mapovu yanapokuwa mazito na kupasuka kwa uvivu, mkono wake uko tayari kwenye kishikio kabla mtoto hajafungua mdomo. Lakini haepui mpaka asikie neno. Anampa mtoto zile sekunde anazoweza kumpa, na anazijua ni ngapi.

Visheti vyote vinamwagwa ndani, na hapo ndipo anapokoroga. Mwanzo polepole, ili kila kombe lilowe. Shira inang'aa kama kioo. Kisha kwa kasi, akipindua kutoka chini, na kung'aa kunafifia, kunakuwa ukungu, na ghafla, kwa muda wa kusema bismillahi, ukungu unakuwa mweupe na mkavu. Sauti nayo inabadilika. Vilivyokuwa vikigugumia vinaanza kugongana. Watoto wanaijua sauti hiyo wakiwa upande wa pili wa kizingiti, na mdogo husimama kwa sababu yake kabla ya kuitwa.

Viko visheti vya dukani, vyeupe sawasawa, vimefungwa vizuri. Sivitukani, mama mwenye kazi za kutwa na watoto wanne ana haki ya kununua. Lakini iliki yake imelala miezi, na vyote vina unene mmoja. Cha nyumbani unaweza kupata chembamba kinachopasuka kwa ulimi, na kinachofuata ni kile cha mdogo, kinene, chenye moyo laini, na mtu anayejua kula huvitafuta vyote viwili. Watoto wenyewe wanavitambua vyao ndani ya sahani. Wa kati humpelekea baba yake alivyovifanya yeye tu, na hula naye akimhesabia mistari ya uma.

Idi hii mkubwa aliruhusiwa kukoroga shira kwa mara ya kwanza, sufuria ikiwa chini sakafuni, mama amelishika sikio la upande wa pili. Alianza vizuri, akachelewa kuongeza kasi, na vingi vikashikana vitatu vitatu, vinne vinne. Alimtazama bibi yake. Mama alimwambia, "Hapo ukungu ulipoingia, ndipo pa kukaza mkono," akamwonyesha kwa mwiko mtupu hewani, mara mbili. Kisha alivitenganisha vilivyotenganika kwa ncha ya kisu, akavitia vyote katika kopo moja la maziwa, akalifunga kifuniko kwa utepe, na kunituma nilikimbize bandarini kwa dada yangu aliye Dar es Salaam kabla boti ya jioni haijaondoka.