Kuondoka Bila Kujibu: Kisa cha Nyamgondho na Suala la Kutolipiza Kisasi

Ni rahisi kukiweka kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare katika fungu moja na kile cha Simbi Nyaima. Vyote viwili ni visa vya Waluo wa ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Vyote vina ajuza asiyejulikana atokako. Na katika vyote maji ndiyo yanayomeza neema ya watu waliomdharau. Kwa sababu ya mfanano huo, visa hivi husomwa kama hadithi za adhabu, na mwanafunzi anayeulizwa dhamira yake hujibu haraka kwamba ni "malipo ya ubaya". Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo linafaa kwa Simbi lakini linakidhulumu kisa cha Nyamgondho.

Katika kisa cha Simbi, ajuza anafika usiku penye sherehe, anafukuzwa, na ni mwanamke mmoja tu anayemkirimu. Huyo anaonywa aondoke; kisha mvua inashuka na kijiji kinadidimia mahali ambapo leo pana ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Kuna kosa, kuna hukumu, na kuna aliyenusurika kwa wema wake. Msuko wenyewe ni wa mahakama.

Nyamgondho hana mahakama. Ni mvuvi fukara wa Nyandiwa, katika nchi ya Gwassi, ambaye wavu wake unamtoa ajuza ziwani badala ya samaki. Anamchukua nyumbani, na tangu hapo mifugo inaongezeka hadi boma linafurika. Utajiri unaleta wake wengine, pombe na kiburi. Usiku mmoja anarudi amelewa, anacheleweshewa mlango, na anamtukana mwanamke yule kwa kumkumbusha kwamba alimwokota majini. Mwanamke hajibu. Anaondoka kuelekea ziwani, na ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wanamfuata mpaka wa mwisho anapotoweka majini.

Ni muhimu kuzingatia kile ambacho ajuza huyu hakifanyi. Katika masimulizi yaliyoenea hatamki laana, haombi mvua, haiti mzuka wala mzimu. Hamgusi Nyamgondho. Tusi lake lilikuwa na ukweli ndani yake, yaani kwamba alitoka ziwani, naye anachofanya ni kuukubali ukweli huo na kurudi alikotoka. Mifugo haimfuati kama askari wa kutekeleza adhabu. Inamfuata kwa kuwa ilikuja naye. Nyamgondho hanyang'anywi kitu. Anabaki na kile alichokuwa nacho kabla ya wavu kuwa mzito. Pigo lake ni kugundua kwamba hakuwahi kuwa tajiri, na ugunduzi huo usingewezekana iwapo mwanamke angerudisha tusi. Ugomvi ungempa mlevi yule mshindani, na mwenye mshindani hupata kisingizio.

Hapa yafaa kulinganisha na Shaaban Robert, ambaye katika *Adili na Nduguze* (1952) amelichora suala hilihili kwa kalamu tofauti. Adili anawapenda ndugu waliotaka kumwangamiza, lakini amri ya jini inamlazimisha awapige kila usiku wakiwa wamegeuzwa manyani. Mkono unaopiga ni wake; nia si yake. Ukombozi unahitaji uombezi wa mfalme. Ubingwa wa Shaaban Robert ni kuonyesha kwamba kisasi kinaweza kumtesa anayekitekeleza kuliko anayekipokea. Hata hivyo Adili ni liwali, na msamaha wa liwali una dola nyuma yake. Ajuza wa Nyandiwa hana cheo, wala hasamehi. Wapo watakaoliona hilo kuwa upungufu wa kimaadili. Yumkini ndilo jambo gumu zaidi katika kisa: kutolipiza kisasi hakujafungamanishwa na kusamehe.

Lakini pana pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Ajuza anaweza kunyamaza kwa sababu mali yote inamtii. Je, mwanamke asiye na ng'ombe hata mmoja wa kumfuata? Kumhubiria huyo nguvu ya kimya ni kumfunga mdomo kwa jina la hekima, na mawaidha mengi ya ndoa yamefanya hivyo kwa kuita subira kile ambacho ni woga tu.

Swali hilo linajibiwa kwa sehemu na Marjorie Oludhe Macgoye, mwandishi aliyezaliwa Uingereza akaishi Kisumu kwa miaka mingi, katika riwaya yake ya Kiingereza *Coming to Birth* (1986). Paulina anapigwa na mumewe Martin katika siku zake za kwanza Nairobi, mwaka 1956, akiwa na miaka kumi na sita. Hapigi, hatukani. Baadaye anakwenda Kisumu kusomea kazi za ufundi wa nyumbani, na hatimaye anapata mshahara wake mwenyewe. Kimya chake cha mwanzo si nguvu bado. Ni hali ya mtu asiye na pa kwenda. Kinageuka nguvu pale tu anapopata stadi, chumba na njia ya kuondoka. Riwaya inapofika mwisho ni Martin anayerejea kwake, katika makao yanayotokana na kazi yake. Macgoye hampi ushindi wa kelele. Anamwacha mume atambue taratibu kwamba kitovu cha nyumba kimehama.

Riwaya hiyohiyo, hata hivyo, inauwekea mpaka uelewa huu. Tarehe 25 Oktoba 1969, wakati wa ziara ya Rais Kenyatta kufungua hospitali mpya Kisumu, askari waliupiga risasi umati, na watu waliuawa, watoto wakiwemo. Mtoto mdogo wa Paulina ni mmoja wa wanaokufa katika riwaya. Kisa cha ufuoni hakina la kusema hapa. Dola haiachwi kama mume, na hakuna ziwa ambalo mama huyu angeweza kurudi nalo likachukua kilicho chake. Macgoye anaonyesha utambuzi kwa kutolifanya huzuni hili kuwa somo la uvumilivu. Paulina anaomboleza, na katika kurasa zinazofuata anazidi kuwa na maneno, si kupungukiwa nayo.

Kimya cha Nyandiwa nacho kina gharama yake katika usimulizi. Mahali pale pamebeba jina la mkosaji. Wageni husimuliwa habari za miamba yenye alama za kwato, na za mti ambao Nyamgondho aligeuka kuwa akiwa ameegemea fimbo yake, akitazama maji. Mwanamke, katika masimulizi yaliyo maarufu, hana jina.