Mlio wa Spoki

Ti, ti, ti, ti, tu.

Kwenye ile tu mkono wa mzee ukasimama. Alirudisha gurudumu nyuma kwa kidole kimoja, akaigonga tena spoki ileile, tu, akashika kifungulio kidogo alichokuwa amekivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akaikaza robo mzunguko, akagonga. Ti. Akaendelea na ya pili yake. Gurudumu moja lina spoki 36, pikipiki ina magurudumu mawili, na mzee huyu alikuwa na pikipiki nne za kukabidhi kabla ya Alhamisi. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye haraka. Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sina kazi wala deni la mtu, ndiye niliyekuwa naangalia saa.

Hapo ni Maseru, Lesotho, siku chache kabla ya mbio za pikipiki za Roof of Africa. Kilichonipeleka mji ule hakihusiani na pikipiki, lakini chumba nilichopanga kilipakana na gereji ya mzee, na kila alfajiri niliamshwa na mlio huo kama wengine wanavyoamshwa na jogoo. Siku ya tatu nilivuka uzio. Nilimwita Ntate, kama kila mtu wa kule anavyomwita mwanamume aliyemzidi umri, naye akanionyesha ndoo.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya Lesotho kupata uhuru, wakati magari yalipopanda milima ya Maluti kwa barabara mpya iliyokuwa imechongwa kuelekea Mokhotlong. Pikipiki zilijiunga, na mwishowe zikabaki peke yake, kwa sababu njia zilizochaguliwa mwaka hadi mwaka zilizidi kuwa za mbuzi. Wenye mchezo huu duniani huziita mama wa mbio ngumu. Lesotho haina tambarare ya kumpumzisha mtu: hata pale palipo chini kabisa nchi nzima ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwendeshaji hupanda miamba iliyochongoka, hushuka makorongo ambayo farasi wa Kisotho wenyewe huyashuka kwa kufikiri kwanza, huvuka mito, hunyeshewa mvua ya mawe. Wanaofika mwisho katika daraja la juu ni wachache. Wengine hutolewa milimani jioni huku wachungaji waliojifunika mablanketi wakiwatazama kwa huruma na pengine kwa kicheko kidogo.

Nilikuja pale na wazo la mtu wa mjini, kwamba kuiandaa pikipiki kwa mbio ni kuiongezea nguvu. Kwa siku zote nilizokaa juu ya ile ndoo sikumwona Ntate akiongeza nguvu yoyote. Alikuwa anatafuta mahali pikipiki itakaposimama, anapaondoa, anatafuta pengine. Mipira ya mikono ya usukani aliigandisha kwa gundi kisha akaizungushia waya mwembamba, kwa sababu maji ya mto yakiingia ndani yake mpira huzunguka na mwendeshaji hubaki ameshika kitu kisichoshika kitu. Bolti za kumwagia oili alizitoboa kichwani kwa keekee nyembamba, akapitisha waya na kuusokota kwa plaizi kuelekea upande wa kukazia, ili bolti ikitaka kufunguka ijikute inavutwa irudi. Ndani ya matairi hakuweka tyubu. Aliweka pete nzima ya sponji nzito, ile ambayo wenye mbio wameitumia tangu miaka ya 1980 ili wasijue tena neno pancha, na kuiingiza ni kazi ya jasho na magoti. Tairi lilianikwa juani kwanza hadi likalainika, sponji ikapakwa ute wa kuteleza, kisha mzee akalipandia kwa magoti yote mawili, vyuma vitatu vya kufungulia tairi mkononi, akilisemesha kwa Kisotho maneno ambayo sikuomba tafsiri yake.

Lakini kilichonikamata ni kikono cha klachi.

Alikuwa ameshakaza kila kitu kwenye usukani. Akafika kwenye kile kishikio kinachofunga kikono cha klachi, akakifungua, akazungusha chini yake utepe mweupe wa plastiki ambao mafundi bomba huutumia kwenye koki, akakirudishia na kukaza bolti zake. Kisha akazilegeza kidogo. Nikadhani amesahau. Akanishika mkono, akaniwekesha kiganja kwenye kikono na kuniambia nisukume. Kikageuka kwa shida, kama mlango wenye bawaba kavu.

"Hii ukiikaza sana, ukianguka inakatika," alisema. "Ukiiacha hivi, inageuka. Unairudisha kwa ngumi, unaendelea."

Nimewahi kukaa na mafundi wengi, wa saa, wa cherehani, wa redio enzi zile redio zilipotengenezwa. Kukaza anajua kila mmoja wao, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ila kujua ni nati ipi katika mashine nzima inayotakiwa iachwe na uhuru wake, na uhuru wa kiasi gani, hicho hakikuandikwa kwenye kitabu kinachokuja na pikipiki. Ntate aliupima uhuru huo kwa kiganja. Alirudia mara tatu: akasukuma, akakaza kidogo mno kiasi kwamba sikuona spana ikisogea, akasukuma tena, akafumba macho, akaridhika.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa bwana shamba wilaya ya Ulanga, na serikali ilimpa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kwenye vijiji vya juu na vya chini ya Mahenge, na wakati wa masika barabara ile ya kutoka Ifakara ilikuwa tope jekundu kutoka kivukoni hadi mlimani. Daraja la Kilombero lilikuwa bado halijaota hata kwenye karatasi. Hakuna aliyempa mjomba nambari ya kifuani wala kikombe. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo Maseru nilielewa kwamba aliendesha mbio hizohizo kila mwaka, miezi mitatu mfululizo, akiwa amefunga mfuko wa mbegu nyuma.

Jumapili baada ya ibada alitandika gunia la katani chini ya mwembe. Kila nati iliyofunguliwa ililala juu ya gunia kwa zamu yake, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, na sisi watoto tulikatazwa kulivuka gunia lile kama tulivyokatazwa kuvuka mkeka wenye chakula. Kisha alichomoa waya wa klachi. Alisokota karatasi ya daftari iwe pembe, kama ile ya kuuzia karanga, akaikata ncha, akaingiza humo kichwa cha ule waya na ganda lake, akafunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu ili isivuje. Akautundika kwenye msumari wa dirisha la jikoni na kudondoshea oili, matone machache, kwa mkono wa mtu anayempa mtoto dawa. Ukaachwa usiku kucha.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya chai, tulikimbia kutazama mwisho wa chini wa waya. Kama pale palining'inia tone, jeusi kwanza, kisha la njano, mjomba alisema, "Umekunywa," na waya ulirudi kwenye pikipiki. Kama pamekauka, uliachwa pale ulipo, na mjomba alikwenda kazini kwa miguu. Sikumbuki akilalamika. Namkumbuka tu anavyoupita msumari ule bila kuutazama sana, kama mtu anavyompita mgonjwa aliyelala, asije akamwamsha.

Nilimsimulia Ntate habari ya tone. Akacheka kwa mara ya kwanza, akaenda ukutani na kurudi na pembe ya karatasi iliyoiva kwa oili. Ya kwake ilikuwa ya gazeti.

Zamani watu wa mbio walitakiwa wote wawe mafundi wa pikipiki zao wenyewe. Yale mashindano ya siku sita yaliyoanza Uingereza, mjini Carlisle, mwaka 1913, ambayo bado yapo, yalijengwa juu ya sharti moja gumu: mwendeshaji mwenyewe ndiye anayegusa pikipiki yake, kwa vyombo alivyovibeba, ndani ya dakika alizopewa. Sehemu kubwa za mashine zilitiwa alama ya rangi ili asizibadilishe kwa siri, na usiku pikipiki zilifungiwa uwanjani zisikaribiwe na mtu. Kwa hiyo kujiandaa kulikuwa ni kujiandaa wewe na vidole vyako. Walifunga waya wa pili wa klachi ubavuni mwa ule wa kwanza, umeshapitishwa njia yake yote, ukisubiri tu mwenzake akatike. Hata Steve McQueen, yule mcheza filamu, alipokwenda kushindana Erfurt mwaka 1964 alikwenda chini ya sharti hilohilo. Umaarufu haukumletea fundi. Kwenye mbio za Dakar limebaki kundi dogo la namna hiyo, wanaosafiri na sanduku moja la vyombo na hema, ambao wakifika kambini jioni, wenzao wakienda kukandwa misuli, wao hupiga magoti mchangani na tochi kichwani. Wengine wanawaona vichaa. Mimi nadhani ndio pekee wanaokwenda Dakar, waliobaki wanapelekwa.

Jumanne alikuja kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Afrika Kusini, na pikipiki juu ya tela. Kila kitu juu yake kilikuwa kipya na kiling'aa: ngao za rejeta, bamba la chini ya injini, hata kofia za bolti zilikuwa na rangi ya machungwa. Vyote vilifungwa dukani. Alikuwa kijana mwenye adabu, simsemi vibaya. Ntate aliizunguka pikipiki mara moja, akamuuliza nati ya gurudumu la nyuma inafunguliwa kwa spana namba ngapi. Kijana akatoa simu.

Mzee hakucheka. Alimpa spana, akamwambia aling'oe gurudumu na kulirudisha. Kijana akafanya, kwa muda mrefu, na msukosuko wa breki zisizotaka kuingia mahali pake. Akaambiwa arudie. Akarudia, vizuri kidogo. Kisha akaambiwa arudie amefumba macho, kwa sababu mvua ya mawe ikikukuta kule juu na vidole vimekufa ganzi, ni sawa na mtu asiye na macho. Hapo kijana alitazama saa yake. Alikuwa na miadi, alisema, atakuja kesho. Akalipa, akashukuru, akaondoka, na kesho hakuja.

Mzee alibaki ameshika kitambaa. Baadaye, kama mtu anayejisemea mwenyewe, alinieleza habari za plagi. Hewa ya milimani ni nyepesi. Ukiwa mita 3,000 juu, zaidi ya robo ya ile ya pwani haipo. Zamani mtu akitoka Durban na kabureta iliyopangwa kwa hewa ya baharini, injini yake ilifika hapa ikikabwa na petroli, ikikohoa moshi. Ilibidi kubadili jeti, kuweka yenye tundu dogo, kisha kukimbiza, kuzima, kufungua plagi na kuisoma rangi. Nyeusi, bado inashiba kupita kiasi. Nyeupe, kimbia, maana pistoni itayeyuka. Iliyotakiwa ni rangi ya ganda la karanga. Na kurudi pwani ni hivyohivyo kinyume chake. Waliosahau kurudisha jeti kubwa walifika nyumbani na injini iliyokwama. Siku hizi pikipiki mpya za mipigo miwili zina kompyuta inayoipima hewa na kupuliza mafuta yenyewe. Ntate hakuilaani. Alisema inapima vizuri kuliko yeye. Ila miaka kadhaa sasa hakuna kijana aliyemwomba amfundishe kusoma plagi, na boksi lake la jeti, kila moja kwenye kitundu chake na namba yake, lilikuwa juu ya rafu, limefunikwa na gazeti.

Niliondoka Maseru siku moja kabla ya mbio. Sikuona hata pikipiki moja ikipanda mlima, wala sijajua zile nne zilifika wapi. Nilipokwenda kuaga, Ntate alikuwa kwenye gurudumu la mwisho, na aliniaga kwa kichwa tu asije akapoteza hesabu ya mlio.

Mjomba alishafariki. Gunia sijui liliishia wapi. Nadhani liliwekewa mkaa. Mwezi uliopita nilishuka Msamvu, Morogoro, nikamfuata kijana wa bodaboda aliyeniita wa kwanza. Wakati anatafuta kofia ya abiria niliinama, nikatoa ufunguo wa nyumba mfukoni na kugonga gurudumu la nyuma. Ti, ti, tu, ti, tu, tu.

"Unatafuta nini hapo, mzee?"

"Spoki zako tatu zimelegea, mwanangu."

"Aa, hizo zinatembea tu," alisema, akapiga kiki. Nikapanda.