Katedrali ya Köln: ni miaka 632 kweli?

Karibu kila kitabu kinachozungumza juu ya katedrali ya Köln, huko Ujerumani (mji ule ambao vitabu vyetu vya Kifaransa vinauita Cologne), kinaanza na hesabu moja: ilijengwa kwa miaka 632, toka 1248 mpaka 1880. Ni hesabu tamu. Ukiisema darasani, wanafunzi wanashika kichwa. Lakini inaficha jambo lenyewe, kwa maana katikati ya miaka hiyo kazi ililala karibu miaka 300.

Tuhesabu basi. Mwaka wa 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta toka Milano masalia ya Mamajusi watatu, na mahujaji wakaanza kumiminika. Tarehe 15 Agosti 1248 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa jipya. Fundi mkuu alikuwa Gerhard, mtu aliyejua vizuri makanisa makubwa ya Ufaransa, zaidi lile la Amiens. Upande wa altare ulibarikiwa mwaka wa 1322. Kwa kuwa kanisa zima lilikuwa bado, upande wa magharibi waliufunga kwa ukuta wa muda, ili watu wasali wakati kazi inaendelea. Ukuta ule wa muda ulibomolewa mwaka wa 1863! Sisi tunaofundisha katika madarasa ya muda hatutashangaa sana.

Mnara wa kusini ulifika karibu meta 59, ukakomea hapo. Mwaka wa 1560 kazi ikasimamishwa: makuta yalikosekana, na hamu pia. Juu ya mnara ikabaki ile mashine ya mbao ya kupandishia mawe, na watu wa mji wakazaliwa, wakazeeka, wakazikwa wakiiona pale pale mpaka mwaka wa 1868. Jeshi la Wafaransa lilipoingia mwaka wa 1794, kanisa likageuzwa gala ya majani ya farasi na mahali pa kufungia wafungwa.

Kilichookoa kazi ni ngozi. Mafundi wa zamani walikuwa wamechora uso wa magharibi, minara yote miwili, kwenye ngozi yenye urefu wa kupita meta 4. Katika fujo za vita mchoro huo ulipotea. Nusu yake ilionekana Darmstadt mwaka wa 1814, na husimuliwa kwamba watu walikuwa wanaanikia maharagwe juu yake. Nusu ingine ilipatikana Paris mwaka wa 1816, na Sulpiz Boisserée, mpenzi mkubwa wa kanisa hili. Mwaka wa 1842 Friedrich Wilhelm IV, mfalme wa Prussia, tena Mprotestanti, akaweka jiwe la pili la msingi. Serikali ilitoa sehemu ya pesa, raia wakachanga, na toka 1865 kukawa hata tombola. Mshairi Heine, ambaye kwanza alikuwa katika kamati ya Paris ya kusaidia ujenzi, mwaka wa 1844 aliandika kwa dharau kwamba kazi haitaisha. Iliisha. Tarehe 15 Oktoba 1880 Kaisari Wilhelm I alikuja kusherehekea (ndiye yule aliyetawala wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884–1885, ambao sisi Wakongomani hatuusahau). Minara ilikuwa na meta 157, hakuna jengo lililokuwa refu zaidi duniani. Lakini Askofu Mkuu Melchers alikuwa uhamishoni Uholanzi, juu ya ugomvi wa serikali na Kanisa. Karamu ya nyumba, mwenye nyumba hayuko!

Sasa njo swali letu, sisi tunaoandika juu ya desturi. Kazi iliyokatika hivyo, kiisha ikaanzwa upya kwa kusoma mchoro, ni kazi ile ile? Wako wanaosema uso wa magharibi ni nakala tu ya karne ya 19. Mimi naona hilo limepita kipimo, kwa vile wazo la minara ile ni la wazee wenyewe. Ila wana haki kidogo. Wazee walijifunza toka Amiens, lakini waliokuja kuchora minara hawakubaki Amiens: minara ya kule ni mifupi, haifanani na hii hata kidogo. Walipokea, wakaongeza. Zwirner na Voigtel, mafundi wakuu wa karne ya 19, walitii mchoro kama mwanafunzi anayeogopa kalamu nyekundu. Ndiyo sababu uso ule naona umenyooka, mkubwa, bila kosa, na baridi. Huko juu, chini ya paa, mahali wageni wengi hawafiki, mambo ni mengine. Pale walisimamisha fremu ya chuma, kitu cha wakati wao, ambacho Gerhard asingeweza kukiota. Kwangu mimi, pale ndipo walipofanana zaidi na wazee.

Ni hivyo pia kwa matofali. Katika vita ya pili ya dunia kanisa lilipigwa na mabomu mazito 14. Mwaka wa 1943 bomu moja lilikula pembe ya mnara wa kaskazini, na ili usianguke, tundu likazibwa haraka kwa maelfu ya matofali. Kiraka kile kilionekana wazi kwa miaka mingi. Kati ya 1996 na 2005 kikafunikwa kwa mawe yaliyochongwa kufuatana na umbo la zamani, na leo mgeni hawezi kukitambua. Wengi walifurahi. Mimi ningekiacha, kwa vile aliyejenga pale hakuwa na mchoro wala wakati, alikuwa na matofali, na mnara ulisimama.

Mwaka wa 2007 waliweka upande wa kusini dirisha la Gerhard Richter, vipande 11,263 vya mraba, rangi 72, bila picha ya mtakatifu hata mmoja. Kardinali Meisner mwenyewe hakulipenda. Mimi niko upande wa dirisha.