Kidole Kilichosita

Katika vitenzi vya Kiswahili kuna kimoja ninachokipenda kuliko vingi: kuwasilisha. Mgeni huwasili, barua huwasili. Anayewasilisha amebeba kitu cha mwingine, na kazi yake haijaisha mpaka kitu hicho kifike kilivyo, bila kupungua njiani. Sisi watafiti tunalitumia neno hili kila mwaka tunapopeleka makala zetu kwenye makongamano, na mara nyingi tunalitumia kwa wepesi, kana kwamba maana yake ni kubonyeza kitufe kabla dirisha halijafungwa. Nataka kuisifu kazi hii kwa uzito wake wote. Uzito huo niliujua katika boma moja wilayani Tarime, upande wa Sirari, kwa mama mmoja aliyekuwa na ng'ombe mgonjwa.

Fani yangu ni violesura vyenye akili. Kiolesura ni ile sehemu ya chombo inayokutana na mtu: kioo cha simu, vitufe vyake, sauti inayokuuliza jambo ikangoja jibu. Kikitiwa akili mnemba, kiolesura hujaribu kumwelewa anayekitumia, kikakisia anachotaka na kujirekebisha kumfuata. Kongamano la kimataifa la fani hii lina historia ya tangu 1993, na uzuri wake ni kwamba linakalisha meza moja mafundi wa aina mbili: wanaoifundisha mashine na wanaomtazama mtu akiitumia. Makala inayopelekwa huko sharti iwaridhishe wote wawili. Wa kwanza atauliza mashine inapatia mara ngapi. Wa pili atauliza, inapokosea, mtu anabaki vipi?

Swali la pili ndilo lililonifikisha pale bomani. Tulikuwa na programu ndogo ya simu. Mfugaji anaeleza dalili kwa mdomo, programu inakisia ugonjwa na kumshauri kama amwite bwana mifugo. Mama alikaa kwenye kigoda, simu mkononi. Ng'ombe alikuwa amefungwa kando ya ua, tezi za chini ya sikio zimevimba, dalili ambayo mfugaji akiiona huwaza mara moja ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Mama akaisogeza simu mdomoni akasema, "Ng'ombe anarara tu, hari majani."

Aliyekulia mkoani Mara asingehitaji kurudiwa. Katika Kikurya, lugha ya wenyeji wa pale, l na r hazitengani kama zinavyotengana katika Kiswahili cha vitabuni, na lugha hiyo ina irabu saba pale Kiswahili kinapotosheka na tano. Mtu anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, hubeba sauti za kwao, naye husema na kueleweka sokoni, kanisani na barazani. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa sauti za watu wa kwingine. Ikajibu kwamba haijaelewa. Mama akanigeukia. "Mura," akaniita, yaani kijana, "simu imenikatalia."

Nikamwomba ajaribu tena. Kidole chake kikafika juu ya kitufe, kikasimama. Nilihesabu sekunde saba. Kisha akabonyeza, na safari hii akaongea kwa sauti ya chini sana.

Sekunde saba zile ndizo zilizokuwa moyo wa makala yangu. Zilizobaki zote, majedwali, michoro na asilimia, niliziandika ili zile sekunde zifike salama kwa msomaji ambaye hajawahi kukanyaga Tarime na pengine hatakanyaga.

Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Makala huandikwa kwa Kiingereza, na rasimu yangu ya kwanza ilisema kwamba mfumo ulipata hitilafu. Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hii alipiga mstari chini ya sentensi hiyo akaniuliza ni nani aliyesema hivyo. Hakuna aliyesema. Mama hakusema simu imeharibika, wala hakusema imekosea. Alisema imemkatalia. Kukatalia ni tendo la mwenye uwezo kwa mwenye shida: ofisi hukukatalia muhuri, mwenye duka hukukatalia mkopo. Katika neno moja mama alikuwa ameeleza mahali alipojiona amewekwa mbele ya chombo kile. Tukalirudisha neno lake kama lilivyo, kwa Kiswahili, na kulifafanua kwa aya nzima. Aya hiyo ilikula nafasi ya mchoro mmoja mzuri, na sikujuta.

Kusita kumewahi kupimwa pia kwa picha za jirani na pale. Ukitoka Tarime kwa barabara ya Nyamongo na kuuvuka Mto Mara, unaingia Wilaya ya Serengeti. Ng'ambo ya mji wa Mugumu iko Hifadhi ya Serengeti, ambayo dunia inaijua kwa nyumbu. Watu wa fani yangu tunaijua pia kwa picha. Mwaka 2010 Ali Swanson, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kufunga kamera kwenye miti katikati ya hifadhi. Zikafika 225, zikaenea katika eneo la kilomita za mraba 1,125, kila moja ikipiga picha yenyewe mnyama mwenye joto anapopita mbele yake. Hadi 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha milioni 1.2. Hakuna mtafiti anayeweza kuyapitia hayo peke yake, hivyo Desemba 2012 picha zikafunguliwa kwa umma mtandaoni, watu wawataje wanyama waliomo. Wakajitokeza watu zaidi ya 28,000 waliojisajili, na wengine wengi wasiojisajili.

Wengi wao hawakuwahi kumwona pofu wala kongoni. Kiolesura kikawashika mkono. Hukulazimika kujua jina la mnyama. Uliulizwa pembe zake zimekaaje, mkia wake ukoje, manyoya yana mistari au madoa, na majina yakapungua mpaka yakabaki machache ya kulinganisha. Kitufe cha "sijui" hakikuwekwa, na hakikuwekwa kwa makusudi. Picha moja ilipitishwa kwa watu wengi, na hata aliyekosea aliacha habari: majibu yakitawanyika, utawanyiko wenyewe unaonyesha kwamba picha hiyo ni ngumu. Majibu ya umma yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalipatana kwa asilimia 96.6.

Mwaka 2018 watafiti wengine wakachapisha makala kuhusu mashine iliyofundishwa kwa picha hizo hizo. Taarifa nyingi zilitangaza kasi yake, kwamba ingeokoa zaidi ya miaka minane ya kazi ya mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki. Mimi nilisimama kwenye sharti lililoambatana na hesabu hiyo. Mashine ingeshughulikia asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi uleule wa 96.6 ikiwa itajibu pale tu inapokuwa na uhakika, na zilizosalia ziachiwe macho ya watu. Binadamu alikatazwa kusema "sijui" kwa sababu alikuwa mmoja kati ya wengi. Mashine ikafundishwa kusema "sijui" kwa sababu ilikuwa peke yake. Waandishi wa kazi hizo mbili walikupima kusita huko, wakakuandika, wakakupa namba. Ndiyo maana kazi zao zinasomeka hadi leo.

Makala yangu ilikuwa ndogo mno kando ya hizo, ila meza ya fundi ni ileile. Kuna ikisiri, maneno kama mia na hamsini, ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi wiki nzima, akikaza neno hili na kulegeza lile, kama mpiga litungu anavyohangaika na nyuzi zake nane kabla ya kuimba. Kuna kujificha: mwandishi hufuta jina lake na jina la chuo chake, wahakiki wapime kazi bila kujua imetoka kwa nani. Nililifuta jina langu bila uchungu. Kijana wa Musoma na profesa wa Marekani huwa sawa kwa muda ule. Kuna kuwaficha walioshiriki pia, na hilo ni amana nzito zaidi, kwa sababu wao hawakuomba kujulikana. Kuna sehemu fupi ya mwisho, ya mipaka ya utafiti, ambayo wengi huiandika usiku wakiwa wamechoka. Mimi huianza mapema. Ni mahali pekee katika makala ambapo mwandishi anaruhusiwa kusita mbele za watu.

Halafu kuna saa ya mwisho. Makongamano haya hufunga dirisha saa sita kasoro dakika moja usiku, kwa saa za mahali pa mwisho duniani ambapo tarehe hiyo bado ipo. Kwetu Afrika Mashariki inakuwa kesho yake, saa tisa kasoro dakika moja alasiri. Wenzetu wa nchi nyingi huwasilisha gizani. Sisi huwasilisha jua likiwaka, watoto wakirudi kutoka shuleni, na umeme ukiamua kukatika, yupo mwenye jenereta wa kumkimbilia.

Wahakiki wakishasoma, wanajibu. Mmoja aliandika kwamba haoni sababu ya kijiji kimoja kumhusu msomaji wa ulimwengu mzima. Nililala na hasira, nikaamka na jibu: kila chombo kinatumiwa mahali fulani, na mtu anayeitwa wa ulimwengu mzima hajawahi kushika simu. Kujibu mhakiki kwa adabu na bila kujidhalilisha ni sehemu ya ufundi ambayo haifundishwi darasani, nami naiheshimu kama ninavyoheshimu shauri zuri barazani.

Hata mlango wa ukumbi wenyewe umepiganiwa. Mwaka 2018 watafiti wengi Waafrika walinyimwa viza za kwenda Montreal kwenye kongamano kubwa la akili mnemba. Lingine lililopangwa Addis Ababa mwaka 2020 likaishia mtandaoni kwa sababu ya korona, na hatimaye Mei 2023 likafanyika Kigali. Kabla ya hapo, Novemba 2016, Nairobi ilikuwa imeandaa kongamano la kwanza la Afrika kuhusu uhusiano wa mtu na kompyuta. Kila makala iliyowasilishwa kutoka huku iliongeza sababu ya ukumbi kusogezwa karibu.

Makala yetu ilikubaliwa, tukapewa wiki chache za kutengeneza nakala ya mwisho. Nikarudi bomani kwanza, nimsomee mama kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa juu yake. Ng'ombe alikuwa amepona. Nilisoma polepole, naye akaitikia kwa kichwa, mpaka nilipofika pale niliposema kwamba mshiriki alisita kwa kutokuwa na mazoea na teknolojia.

Akaniinulia kiganja nisimame. "Pesa napokea kwa simu, natuma kwa simu."

Kisha akanionyesha mti ulio nje ya ua. Siku ile, akasema, chini ya mti ule alikaa dalali wa ng'ombe aliyekuja kumtazama ndama wake, ndama mzima asiye na tatizo. Simu yangu ilikuwa ikinena kwa sauti kubwa. Ingetamka neno ndigana dalali akisikia, habari ingefika mnadani kabla ya ndama mwenyewe, na asingenunuliwa na mtu. Ndipo akasubiri dalali asogee, na alipoona hasogei, akaongea kwa sauti ya chini.

Nilifungua daftari la siku ile. Nilikuwa nimeandika sekunde saba. Nani mwingine alikuwepo, sikuandika.

Jioni, mjini Tarime, niliifuta sentensi yangu. Mahali pake niliandika kwamba mshiriki alisita kwa sababu mnunuzi alikuwa karibu na simu ilikuwa ikisema kwa sauti. Chini yake nikaongeza pendekezo: kabla ya kutaja ugonjwa, programu imuulize mwenye ng'ombe kama yuko peke yake. Nikaisoma makala tena kuanzia mwanzo, kwa sauti, kama ningekuwa ninamsomea yeye. Ndipo nikaiwasilisha.