Mechi Moja, Hadhira Nzima: Uhakiki wa Michezo ya PlayStation 2 kwa Kigezo cha Banda la Gemu katika Miji ya Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michezo miwili ya video ya mashine ya PlayStation 2, yaani *Pro Evolution Soccer 6* (2006) na *Grand Theft Auto: San Andreas* (2004), kwa kuitazama katika mazingira ya banda la gemu la kulipia. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa mchezo wa video hauwezi kupimwa kwa kuchunguza diski peke yake. Mchezo, kama ilivyo kazi ya fasihi simulizi, hukamilika katika utendaji. Kwa kigezo hicho, mchezo wa mpira unaodharauliwa na wahakiki wengi una thamani ya kisanaa ambayo mchezo wenye hadithi ndefu huipoteza ukiingia bandani.

1.0 Utangulizi

PlayStation 2 ilitolewa na kampuni ya Sony nchini Japani mwezi Machi 2000, na habari za kukoma kwa uzalishaji wake zilithibitishwa mwanzoni mwa 2013. Katika muda huo ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 150, nayo ikawa mashine ya gemu ya nyumbani iliyouzwa kuliko nyingine zote. Orodha za michezo bora ya kizazi hicho zimeandikwa nyingi, hususani Ulaya, Marekani na Japani. Majina yanayojirudia ni *Final Fantasy X* (2001), *Metal Gear Solid 3* (2004) na *Shadow of the Colossus* (2005), pamoja na *San Andreas* iliyokwisha kutajwa. Vigezo vinavyotumika ni upana wa ulimwengu wa mchezo, uzito wa hadithi, uzuri wa picha na muziki.

Nyuma ya vigezo hivyo yumo mchezaji ambaye hatajwi. Mchezaji huyo ana mashine yake, televisheni yake na jioni zake. Anaweza kuanza hadithi ya saa hamsini leo akaimaliza mwezi ujao. Mtu huyu ni mfano mmoja tu wa mchezaji, lakini amefanywa kuwa kipimo cha wachezaji wote.

Mji wa Masasi umekaa magharibi mwa uwanda wa juu wa Makonde, kati ya milima ya mawe. Newala iko juu ya uwanda wenyewe, ukingoni, ikilitazama bonde la Mto Ruvuma. Katika miji ya aina hii, kama ilivyo kwingi Tanzania, PlayStation 2 ilifahamika zaidi kwa njia ya banda la gemu: chumba kidogo chenye televisheni moja au kadhaa, benchi, na mwenye banda anayepokea fedha na kuhesabu mechi. Swali la makala haya ni hili: mchezo upi ulikuwa bora katika chumba hicho, na ubora wake ulitokana na nini?

2.0 Msingi wa Uhakiki

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaichukulia fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Ukiondoa kimojawapo, kinachobaki ni maandishi ya ngano na si ngano. Nadharia hiyo haikuundwa kwa ajili ya michezo ya video, lakini inaufaa mchezo wa bandani kuliko nadharia ya riwaya, ambayo ndiyo wahakiki wengi wa gemu huikopa bila kutamka. Huizinga, katika *Homo Ludens* (1938), naye aliona kuwa mchezo hujitengea mahali na wakati wake. Bandani mahali ni benchi, na wakati hununuliwa.

Wakati wa kununuliwa ndio unaobadili hukumu. PlayStation 2 huhifadhi maendeleo ya mchezaji katika kadi ya kumbukumbu inayouzwa kando. Mchezaji asiye na kadi yake, au anayetumia kadi inayoshirikiwa na mtaa mzima, hawezi kuwa na hakika kwamba alipoishia jana ndipo atakapoanzia leo. Mchezo unaotegemea kumbukumbu ya mashine huingia bandani ukiwa umekwisha kujeruhiwa. Mchezo unaoanza na kumalizika katika mechi moja huingia ukiwa mzima. Hii ni tofauti ya kifani: mmoja una umbo la riwaya, mwingine una umbo la kitendawili, chenye kutegwa, kuteguliwa, na kutegwa tena kwa mwingine.

3.0 *Pro Evolution Soccer 6*: Timu Iliyovaa Kinyago

Mchezo huu wa kampuni ya Konami ulikuwa na upungufu uliojulikana na kila mchezaji: leseni ya ligi ya Uingereza haikuwamo. Manchester United na Arsenal zilionekana kwa majina yao, lakini Liverpool iliitwa Merseyside Red, na Chelsea ikaitwa London FC. Majina ya wachezaji, hata hivyo, yalikuwa ya kweli. Wahakiki waliufananisha na *FIFA* ya kampuni ya EA, yenye leseni nyingi, wakaliona jambo hili kuwa dosari ya bidhaa. Nchini Brazili mashabiki waliitibu dosari hiyo kwa kutengeneza matoleo yao yasiyo rasmi, maarufu zaidi likiwa *Bomba Patch*, wakatia ndani timu na wachezaji wa kwao.

Ikitazamwa kama tukio la bandani, dosari hiyo ni fani. Jina la Merseyside Red ni fumbo, na majina ya wachezaji ni vidokezo vyake. Mgeni aliyeketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza huona timu asiyoijua. Mzoefu humwona Gerrard, akajua kilichofichwa. Hakuna maelezo kwenye skrini yanayomfundisha mgeni. Hufundishwa na benchi.

Msomaji anayeijua sanaa ya Wamakonde atakumbuka hapa vinyago vya kuvaa kichwani, vinavyochezwa katika ngoma za mapiko kwa upande wa Msumbiji na midimu kwa upande wa Tanzania. Kwa desturi, mtoto ambaye hajapita jandoni hatakiwi kujua kuwa ndani ya kinyago mna mtu. Aliyepita jandoni anajua, na ujuzi huo haumharibii ngoma, bali humpa namna mpya ya kuitazama. Ulinganisho huu una mipaka. Siri ya jando ni nzito na ina maadili yake, ilhali siri ya Merseyside Red ni ya kibiashara. Lakini muundo wa utazamaji unalingana: pana umbo linaloonekana, pana jina linalofichwa, na pana jamii inayotambuana kwa kulijua jina hilo.

Sifa ya pili ni sauti. Katika toleo la Kiingereza, utangazaji uliorekodiwa ulikuwa wa Peter Brackley na Trevor Brooking. Sentensi zao zina idadi maalumu na hujirudia. Mtu aliyesikia mechi kumi ameshazisikia nyingi za sentensi hizo. Benchi la Kiswahili halijirudii kwa namna hiyo, kwa kuwa linamjua anayecheza: linajua kuwa jana alifungwa mabao matano, na kwamba kila akibanwa hukimbilia kumpa Adriano mpira apige kutoka mbali. Adriano wa Inter alipewa katika mchezo huu nguvu ya shuti isiyo ya kawaida, na kumchagua kulikuwa ni kukubali kuchekwa hata ukishinda. Huo ni uhakiki wa papo kwa papo, wenye kanuni yake ya uzuri: ushindi wa pasi unaheshimiwa kuliko ushindi wa nguvu. Kanuni hiyo haikuandikwa na Konami. Imetungwa na hadhira.

4.0 *San Andreas*: Hadithi Iliyovunjika

*San Andreas* ina hadithi kamili. Carl Johnson anarudi Los Santos mwaka 1992 baada ya kifo cha mama yake, anakuta mtaa umesambaratika, na askari Tenpenny anamfanya mateka wa uovu wake mwenyewe. Ni hadithi ya kurudi nyumbani na ya usaliti wa marafiki, na inadai mfuatano: usaliti hauumi kama hujakaa na msaliti muda wa kutosha.

Banda linaukata mfuatano huo. Anayelipia nusu saa hana sababu ya kuitumia katika kazi za mwanzo zilizokwisha kufanywa na wengine mara nyingi. Huingiza misimbo kwa kubonyeza pedi kwa mpangilio aliokariri, akapata silaha, fedha au ndege, kisha akazurura. Mazungumzo ya Kiingereza cha mitaa ya Marekani hayamfikii, na hakuna fanani wa kumfasiria kama Lufufu alivyowafasiria watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kinachobaki ni gari, risasi na polisi. Kwa hiyo wazazi na walimu wanaoulaumu mchezo huu kuwa ni vurugu tupu hawakosei kuhusu kile walichokiona. Wanakosea wanapodhani kuwa hicho ndicho kilichotungwa. Na mhakiki anayeusifu kwa hadithi yake naye anasifu kitu ambacho bandani hakikutokea. Pande zote mbili zinahukumu matini tofauti zenye jina moja.

5.0 Mipaka ya Banda

Haitakuwa haki kulitukuza banda. Kanuni iliyozoeleka ya anayefungwa anatoka humpa aliye hodari muda mrefu zaidi wa kujifunza, na humnyima dhaifu aliyelipa vilevile. Kutazama ni bure, na kwa asiye na fedha benchi ndilo darasa pekee. Hata hivyo, kutazama si kushika pedi. Uchumi wa eneo huongeza ukali wa jambo hili. Katika wilaya zinazoishi kwa korosho, fedha huonekana msimu wa mauzo unaoanza Oktoba, na huadimika baada yake. Umeme nao, kwa miaka mingi, ulitoka kwenye mitambo ya gesi ya Mtwara iliyokuwa nje ya gridi ya Taifa. Umeme ukikatika, matokeo hubaki katika ushahidi wa waliokuwapo, na ushahidi hubishaniwa.

Tena, banda lilikuwa kwa kiasi kikubwa mahali pa wavulana. Ulinganisho na jando unaonyesha hasara hii waziwazi zaidi: jando lina unyago upande wa pili, lakini banda halikuwa na mwenzake. Hadhira iliyotunga kanuni za uzuri zilizoelezwa hapo juu ilikuwa nusu ya jamii.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2012 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalitangaza kuingiza michezo 14 ya video katika hazina yake. Hatua hiyo ina maana kubwa, lakini wasomi wa eneo hili wana sababu ya kuitazama kwa tahadhari. Vinyago vya Wamakonde vimekaa katika makumbusho ya Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Vimehifadhiwa vizuri, na vimenyamaza: ngoma haimo, mchezaji hamo, wala aliyekuwa akikimbia kwa hofu na aliyekuwa akicheka kwa kujua hawamo. Diski ya *Pro Evolution Soccer 6* inaweza kuhifadhiwa vivyo hivyo, ikacheza bila kasoro katika chumba kisicho na mtu wa kusema Merseyside Red ni nani.

Makala haya yameonyesha kuwa mchezo uliopewa nafasi ya chini kwa vigezo vya sebuleni ulikuwa kazi kamili bandani, na kwamba ukamilifu wake ulitungwa kwa Kiswahili na watu ambao majina yao hayamo katika orodha ya watengenezaji. Watu hao sasa ni watu wazima, na wengi wao wangali hai. Mbinu za kukusanya fasihi simulizi zinafundishwa katika vyuo vyetu tangu zamani. Inapendekezwa kuwa utafiti uwaendee kwa mbinu hizo, uandike majina ya utani waliyoyapa timu, matusi waliyoyaruhusu na waliyoyakataza, na namna walivyoamua mshindi umeme ulipozimika, kabla simu ya mkononi, ambayo kila mtu huichezea peke yake, haijawasahaulisha kwamba walikuwa watunzi.