Mng'ao Peke Yake Hautoshi: Namna ya Kupima Ubora wa Uingizaji wa Jeni katika Mayai ya Samaki wa Tanganyika

Katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Tanganyika, hasa kwenye kingo zenye majani na mahali mito inapoingia ziwani, huishi samaki mdogo wa jamii moja na sato na kuhe, ambaye mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, anayetoka usiku na taa kufuata dagaa na migebuka, hana sababu ya kumhangaikia. Wataalamu humwita Astatotilapia burtoni, kwa kumbukumbu ya Richard Burton aliyefika Ujiji mwaka 1858, na kuanzia miaka ya 1970 uzao wa samaki waliotolewa ziwani humo ulifugwa katika matangi ya mtafiti Russell Fernald, ambaye maabara yake ilikuja kuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Katika maabara hiyo, Scott Juntti na wenzake walieleza mwaka 2013 jinsi walivyoingiza jeni ngeni katika mayai ya samaki huyo, wakapata uzao uliorithi jeni hiyo. Kazi ya namna hii ina ustadi wake, na ubora wake hupimwa kwa vigezo ambavyo msomaji asiye mtaalamu anaweza kabisa kuvifahamu.

Ufundi wenyewe unaelezeka kwa maneno machache, ingawa kuutenda si jambo jepesi. Jeni inayokusudiwa huwekwa katika plasmidi, yaani duara dogo la DNA linalozalishwa ndani ya bakteria, kisha huchanganywa na maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya chenye uwezo wa kuikata jeni hiyo kutoka kwenye plasmidi na kuipachika katika kromosomu za samaki. Mchanganyiko huo hupitishwa kwa sindano ya kioo yenye ncha nyembamba mno hadi ndani ya yai lililorutubishwa ambalo bado ni seli moja. Mfumo huo wa kukata na kupachika huitwa Tol2, na chimbuko lake ni medaka, samaki mdogo wa Japani. Ugumu wa samaki wa Tanganyika unatokana na malezi yake, kwa kuwa jike huyakusanya mayai mdomoni mara tu anapoyataga na kuyaatamia humo kwa takribani wiki mbili, hivyo fundi hulazimika kuyatoa mapema, kabla seli ya kwanza haijagawanyika. Tena mayai ya jike mmoja ni makumi tu, tofauti na Danio rerio, samaki mwenye milia anayetumiwa sana maabarani, ambaye hutaga mamia. Kwa sababu hiyo yai moja linaloharibika ni hasara inayoonekana kwenye hesabu.

Kipimo cha kwanza ni cha macho. Pamoja na jeni inayokusudiwa huwekwa jeni kiashirio, yaani jeni ambayo kazi yake ni kuonyesha kwamba shehena imefika. Inayojulikana zaidi ni ile ya protini ing'aayo kijani, iliyotolewa kwa kiwavi-bahari aina ya Aequorea victoria na kuwapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Kiinitete kinapomulikwa kwa mwanga wa buluu chini ya hadubini, seli zenye protini hiyo hung'aa kijani. Mng'ao huo unapendeza, na kwa bahati mbaya kupendeza kwake kumepoteza watu wengi, kwa sababu kiini cha njano cha yai nacho hung'aa chenyewe kwa kiasi fulani, na tishu iliyokufa hung'aa zaidi. Mpimaji makini hutaka kuona kwanza ndugu wa tumbo moja ambao hawakudungwa, waliopigwa picha kwa hadubini ileile na kwa kipimo kilekile cha mwanga. Baada ya hapo hutaka kuona kundi lingine, ambalo halipaswi kukosekana, la mayai yaliyodungwa plasmidi bila kimeng'enya cha kupachika. Plasmidi peke yake inaweza kuifanya seli ing'ae kwa siku za mwanzo bila kuingia katika kromosomu hata moja, kisha ikapungua na kutoweka kadiri seli zinavyogawanyika. Kwa hiyo picha ya siku ya pili isiyo na kundi linganishi hilo haithibitishi lolote kuhusu urithi.

Kwa wanaofanya kazi na seli zinazokuzwa katika sahani, kosa hilo la kuuamini mng'ao peke yake huja kwa sura nyingine. Wapo wanaotumia lusiferesi, kimeng'enya cha kimulimuli, ambacho hutoa jumla ya mwanga wa sahani nzima na hivyo hakiwezi kutofautisha seli nyingi zilizopokea kidogo na seli chache zilizopokea kwa wingi. Mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza hutoa majibu mawili kwa pamoja, yaani ni seli ngapi zimepokea na kila moja inang'aa kiasi gani, na taarifa bora huyatoa yote mawili.

Kiini cha mwongozo huu ni suala la asilimia. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mayai 100 yamedungwa, 30 yakaishi, 24 kati ya hayo yakang'aa, na samaki 3 walipokua wakairithisha jeni kwa watoto wao. Fundi mmoja ataandika kwamba amefaulu kwa asilimia 80, kwa kuwa 24 kati ya 30 waling'aa. Mwingine ataandika 24, akihesabu mayai yote. Wa tatu ataandika 10, akiwahesabu warithishaji kati ya waliopona. Wa nne ataandika 3. Hakuna aliyesema uongo, na kazi yote ni ileile moja. Mnunuzi wa dagaa mwaloni Kibirizi hatosheki na tabaka la juu la gunia, bali huingiza mkono hadi chini kutafuta mchanga. Vivyo hivyo mpimaji wa kazi hii hana budi kuuliza ni asilimia ya nini, na yale mayai 70 yaliyokufa yako kwenye safu ipi. Vifo hivyo navyo havisomeki bila kujua ni mayai mangapi ambayo hayakudungwa yalikufa katika maji yaleyale, kwa kuwa yai lililotolewa mdomoni mwa mamaye linaweza kufa hata bila kuguswa na sindano.

Kipimo cha mwisho, na ndicho chenye uzito kuliko vyote, ni uzao. Samaki aliyetokana na yai lililodungwa huitwa mwanzilishi, na mara nyingi huwa na mabaka ya kijeni, kwa maana kwamba jeni ilipachikwa baada ya seli kuanza kugawanyika, hivyo sehemu moja ya mwili inayo na nyingine haina. Mwanzilishi anaweza kung'aa mgongo mzima bila kuwa na jeni hiyo katika mbegu zake. Mwenzake aliyeng'aa kidogo akairithisha. Akipandishwa na samaki wa kawaida, sehemu ya watoto wanaong'aa huonyesha ni kiasi gani cha mbegu au mayai yake kimebeba jeni, na mara nyingi sehemu hiyo huwa chini ya nusu. Watoto hao nao wakipandishwa na samaki wa kawaida, sheria za Mendel hurahisisha hukumu: nusu ya uzao iking'aa, jeni imekaa mahali pamoja, robo tatu ziking'aa, yaelekea imekaa katika kromosomu mbili tofauti. Taarifa inayokomea kwa mwanzilishi ni ya kazi ambayo haijaisha.

Vigezo hivi havimhusu samaki peke yake. Huko Bagamoyo, katika maabara ya Taasisi ya Afya ya Ifakara, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Imperial College London wametengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba kwa ajili ya utafiti wa malaria, na yai la mbu, ambalo hukauka ganda na kuwa jeusi muda mfupi baada ya kutagwa, lina haraka kuliko hata la samaki. Humo sindano hulenga ncha ya nyuma, mahali zinapoundwa seli za uzazi, na anayedunga pembeni anaweza kupata viluwiluwi wanaong'aa lakini wasiorithisha chochote.

Pale shehena inapokuwa CRISPR, yaani mkasi wa kijeni unaoelekezwa mahali maalumu pa kukata, mng'ao hauna neno la mwisho, kwa kuwa kinachopimwa ni mabadiliko katika mpangilio wa herufi za DNA, nao husomwa moja kwa moja. Mwaka 2020 Beau Alward na wenzake walionyesha kwa njia hiyo kwamba dume wa Astatotilapia burtoni aliyekosa kipokezi kimoja cha homoni ya kiume hakupata rangi angavu wala korodani kubwa za dume mtawala, ilhali aliyekosa kipokezi cha pili alipungukiwa na vitendo vya uchumba na vitisho. Matokeo ya aina hiyo yanaaminika kwa sababu samaki waliolinganishwa walijulikana herufi zao za DNA mmoja mmoja.

Mwanafunzi au mtafiti atakayeletewa taarifa ya kazi kama hii, awe Kigoma au kwingineko, na aanze kuisoma kwenye hesabu ya mayai yaliyokufa, aende kwenye kundi lisilo na kimeng'enya, kisha kwenye uzao wa pili. Picha za kijani azitazame mwisho.