Wiki ya Mwisho Kabla ya Likizo

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na wiki ya mwisho ya masomo kabla ya likizo ya Krismasi inapofika, upimaji wa darasa la nne nao umeshapita. Ndiyo maana wiki hiyo inatueleza mengi zaidi kuhusu ualimu kuliko karatasi ya matokeo: mwalimu wa darasa la kwanza anayeendelea kushika chaki pale Bariadi, mkoani Simiyu, anasukumwa na kazi yenyewe, si sifa. Na kazi si ndogo. Watoto wengi wa huko hufika shuleni na Kisukuma, ambamo r na l hazigombani, kwa hiyo mwalimu huanza kwa kuwanoa masikio: kura si kula (somo ambalo baadhi ya wanasiasa wetu wangelihitaji pia). Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 na elimu bila ada ya 2016, kazi hiyo hufanyika mbele ya madawati yaliyofurika.

Wapo wanaosema mtoto angefaa zaidi shambani, kwa kuwa pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba na mvua haimsubiri mtu. Hoja hiyo ina uzito. Pamba ndiyo inayonunua sare. Lakini likizo iko mlangoni, na jembe litampata. Anayeanza kuunganisha silabi, akikatishwa mapema, Januari hurudi kwenye a, e, i, o, u, na anayerudi naye ni mwalimu yuleyule.